Fizi Zinapopanda Juu ya Meno: Mwongozo kwa Mwenye Mbwa au Paka

Kwa muda mrefu niliamini meno ya mbwa wangu yamesagika. Alikuwa Boxer wa miaka 6, mpenda kutafuna kila anachokiokota, na alipopiga miayo niliona meno yake ya mbele mafupi kama punje za mchele. Nikajiambia ni umri. Siku moja akawa na uzi unaning'inia mdomoni. Nikamshika taya, nikauvuta, nao haukutoka katikati ya meno mawili kama nilivyodhani. Ulitoka nyuma ya nyama ya rangi ya waridi iliyokuwa imelivika jino kama kofia, ukatoka na harufu ya kitu kilichooza siku nyingi. Meno yake hayakuwa yamesagika hata kidogo. Yalikuwa mazima, marefu vilevile, ila yamezikwa ndani ya fizi.

Alikuwa akila, akicheza, akibweka kama kawaida. Hakunipa dalili hata moja. Ndiyo maana mwongozo huu nauanzia kwenye macho yako wewe, kabla ya daktari na kabla ya dawa: mnyama mwenye fizi zilizoota hasemi, na bila mtu wa kumwinua mdomo akatazama, hali hii hukaa miaka.

Elewa kwanza kinachotokea

Ufizi mzima hulizunguka jino kama kola ya shati. Ni mwembamba, umekaza, na ukingo wake ni mkali. Kati ya ukingo huo na jino pana kishimo kidogo sana. Kwa mbwa kina chake hakizidi milimita 3, kwa paka ni kama nusu milimita, ikizidi sana 1. Nyama ya ufizi inapoanza kuongezeka, ukingo unanenepa, unapanda kuelekea ncha ya jino, na kile kishimo kinageuka mfuko. Madaktari huuita mfuko wa uongo, kwa sababu kule chini ufizi bado umelishika jino mahali pake. Kilichorefuka ni ukuta tu.

Uongo huo haudumu. Ndani ya mfuko mswaki haufiki, ulimi haufiki, mate hayapiti. Nywele, nyuzi na mabaki ya chakula hukaa mle, bakteria huzaliana, ufizi huwaka, na pole pole nyuzi zinazolifunga jino kwenye mfupa huanza kuachia. Mfupa nao hufuata. Hapo mfuko umekuwa wa kweli, na jino lililokuwa zima kabisa linaanza kucheza.

Visababishi vikubwa ni vitatu, na mara nyingi viwili hukutana kwa mnyama mmoja. Cha kwanza ni damu ya ukoo. Boxer ndiye anayeongoza, lakini Great Dane, Collie, Doberman, Dalmatian na Bulldog nao wamo. Cha pili ni ule utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Kwa baadhi ya wanyama ufizi hujibu kero hiyo kwa kuongeza nyama. Cha tatu ni dawa, nacho nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho watu wengi hawakijui.

Hatua ya 1: Inua mdomo, utazame

Chagua saa mnyama ametulia, baada ya matembezi au anapokaribia kusinzia. Usimfunue kinywa kwa nguvu. Huhitaji kinywa kiwe wazi. Kaa ubavuni pake, siyo mbele yake uso kwa uso, weka mkono mmoja chini ya taya, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili inua mdomo wa juu upande mmoja, kama unayefunua pazia. Tazama, mwachie, msifu. Kisha upande wa pili. Kazi yote ni nusu dakika.

Kwa paka fanya hivyohivyo, ila usimkabe. Mpakate mgongo wake ukielekea tumboni mwako, shika kichwa kwa juu kama kikombe kilichofunikwa, na vuta pembe ya mdomo nyuma kwa kidole. Akikunja masikio au mkia ukianza kupiga, mwache mpaka kesho. Paka uliyemchokoza leo atakukumbuka wiki nzima.

Unatazama nini? Anza na jino la chonge, lile refu lenye ncha, kwa sababu ni rahisi kulipima kwa jicho. Linganisha la kulia na la kushoto. Halafu tazama meno madogo ya mbele: je, unayaona yote sita ya juu na sita ya chini, au mengine yamebaki ncha tu? Kisha nenda nyuma kwenye magego. Ufizi wenye afya una mstari mmoja laini unaopanda na kushuka kufuata shingo za meno. Ufizi unaoota hupoteza mstari huo: unakuwa mnene kama ukingo wa unga uliokandwa, una vifundo vifundo, na sehemu nyingine unalala juu ya jino. Rangi inaweza kuwa ya waridi ileile ya kawaida, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, tukingoja wekundu usiokuja.

Wanyama wengine wana madoa meusi ya asili kwenye fizi. Hayo si ugonjwa, mradi ni bapa na hayabadiliki.

Piga picha. Simu yoyote inatosha, mwanga wa dirishani ni bora kuliko wa taa ya simu unaong'aa kwenye mate. Piga upande wa kulia, wa kushoto, na mbele, na uzitunze pamoja na tarehe. Ufizi huota polepole kiasi kwamba wewe unayemwona kila siku huwezi kutambua. Picha ya miezi 4 iliyopita itakuambia ukweli. Na ukitaka kuhesabu meno, mbwa mzima ana 42, paka mzima ana 30. Jino lisiloonekana huenda halikuota, huenda limeng'oka, au limefunikwa. Kazi ya kujua ni lipi kati ya hayo ni ya eksirei.

Hatua ya 2: Tenganisha fizi zilizoota na mambo mengine yanayofanana nazo

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, kwa sababu kosa hapa linaweza kugharimu maisha.

Fizi zilizoota kwa sababu ya ukoo au dawa kwa kawaida huota sehemu nyingi, pande zote mbili. Ukiona nundu moja peke yake, upande mmoja, usiseme "ni fizi tu". Kwa mbwa nundu kama hiyo inaweza kuwa uvimbe usio saratani unaotokana na nyuzi zinazolishika jino. Inaweza pia kuwa ule wa ameloblasti, yaani seli zinazotengeneza jino, ambao hausambai mwilini lakini hula mfupa wa taya kama mchwa. Na inaweza kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi, au saratani nyingine ya kinywa. Melanoma mara nyingi ni nyeusi, lakini ipo isiyo na rangi, inayofanana kabisa na nyama ya ufizi. Kwa paka, uvimbe mbaya unaoongoza kinywani ni saratani ya seli bapa, na huanza kwa ujanja: ufizi mwekundu kidogo, jino moja linalegea bila sababu, taya inanenepa upande mmoja.

Hata Boxer ambaye fizi zake zote zimeota anaweza kuwa na uvimbe wa kweli uliojificha katikati ya nyama hizo. Nyama zote zinafanana kwa macho. Zinatofautishwa kwa darubini.

Mpeleke mnyama ndani ya siku chache, usingoje mwezi, ukiona lolote kati ya haya: nundu iliyokua kwa wiki mbili tatu, kidonda juu ya ufizi, damu inayotoka bila kuguswa, jino linalocheza, taya au uso uliovimba upande mmoja, mate yenye damu au harufu kali iliyoanza ghafla, paka anayesogelea sahani, anaonja, kisha anarudi nyuma na kuunguruma au kupapasa mdomo kwa mkono.

Kwa paka kuna jambo jingine linalowapotosha hata watu makini. Unaona ulimi mdogo wa nyama nyekundu umepanda juu ya jino moja, mara nyingi lile la kwanza nyuma ya chonge kwenye taya ya chini. Linaonekana kama fizi iliyoota. Kumbe jino lenyewe linaliwa, limetoboka pale kwenye shingo, na ufizi umeingia kuziba tundu. Ukiligusa, taya ya paka hutetemeka hata akiwa kwenye usingizi wa dawa. Hapo kukata nyama ni kupoteza muda na kuacha maumivu yaendelee. Tiba ni kuling'oa jino, baada ya eksirei kuonyesha hali ya mizizi.

Hatua ya 3: Orodhesha dawa zote anazotumia

Kabla ya kwenda kwa daktari, kusanya pakiti na chupa zote. Dawa mbili ndizo zinazojulikana zaidi kuotesha fizi za wanyama.

Saiklosporini hupunguza makali ya kinga ya mwili. Mbwa wengi huipewa kwa mzio wa ngozi, na wengine kwa magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe. Amlodipini ni dawa ya shinikizo la damu, na hutolewa sana kwa paka wazee wenye figo dhaifu, pia kwa baadhi ya mbwa wenye ugonjwa wa moyo. Ipo pia fenitoini, dawa ya kifafa, ambayo kwa wanyama haitumiki sana siku hizi. Kwa binadamu madaktari waliandika kuhusu fizi zinazooteshwa nayo tangu mwaka 1939, na hapo ndipo watu walipoanza kuelewa kwamba kidonge kinachomezwa kwa ajili ya ubongo kinaweza kujitokeza kwenye ufizi.

Andika jina la dawa, kipimo, na tarehe aliyoanza. Linganisha na picha zako. Fizi zikianza kunenepa miezi kadhaa baada ya dawa kuanza, umeshapata nusu ya jibu. Taja pia dawa nyingine zinazopewa pamoja nayo: ketokonazoli, kwa mfano, hupandisha kiwango cha saiklosporini kwenye damu.

Sasa nisikilize vizuri. Usiisimamishe dawa mwenyewe. Paka mwenye shinikizo kubwa akikosa amlodipini ghafla anaweza kuamka kipofu, kwa sababu shinikizo hubandua pazia la nyuma ya jicho. Fizi zinaweza kungoja wiki mbili, jicho haliwezi. Mpigie daktari, mweleze unachokiona, yeye ataamua kama apunguze kipimo, abadilishe dawa, au aiache kwa sababu faida yake bado ni kubwa. Kwa paka ipo telmisatani kwa shinikizo la damu. Kwa mbwa mwenye mzio zipo dawa nyingine zisizogusa fizi. Dawa ikibadilishwa, mara nyingi fizi hurudi zenyewe taratibu, kwa wiki kadhaa hadi miezi, hasa meno yakisafishwa. Wengine huepuka kisu kabisa.

Hatua ya 4: Kwa daktari, jua cha kuuliza

Daktari akimtazama mnyama akiwa macho anaweza kukisia tu. Uchunguzi wa kweli unahitaji nusu kaputi. Najua neno hilo linatisha. Nililiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini hakuna mbwa atakayetulia huku kijiti chenye alama za milimita kikipitishwa kuzunguka kila jino, na hakuna paka atakayekaa sawa kwa eksirei ya mdomoni.

Jihadhari na huduma ya kukwangua meno mnyama akiwa macho. Inang'arisha sehemu inayoonekana, na mwenye mnyama anarudi nyumbani amefurahi, lakini ugonjwa uko ndani ya mfuko, na mle hakuna aliyeingia. Mimi nilishalipia huduma hiyo mara mbili kabla ya ile siku ya uzi. Meno ya mbwa wangu yaling'aa, na fizi zikaendelea kuota.

Uliza maswali haya bila aibu. Je, atapimwa damu kabla ya dawa ya usingizi? Atawekewa bomba la hewa kooni, ili maji na uchafu visiingie mapafuni? Nani atamwangalia mapigo, pumzi na joto la mwili wakati wote? Eksirei za meno zitapigwa? Na swali la mwisho, usiondoke bila kuliuliza: nyama itakayokatwa itapelekwa maabara? Jibu la mwisho likiwa "hakuna haja", tafuta daktari mwingine, au sisitiza mpaka ipelekwe.

Kama unaweza kumpata daktari wa wanyama aliyebobea kwenye meno, mfuate huyo, hasa kwa Boxer aliyefunikwa meno karibu yote.

Hatua ya 5: Elewa upasuaji wenyewe

Ukijua kinachofanyika, utakaa kwenye benchi la kungojea kwa moyo mtulivu zaidi.

Kwanza meno husafishwa juu na chini ya ufizi. Kisha daktari hupima kina cha kila mfuko. Kipimo hiki ndicho kinachoamua kila kitu. Kama mfuko ni wa uongo, nyama iliyozidi inaweza kukatwa na jino likabaki imara. Kama ni wa kweli, yaani ufizi umeshaachia mzizi na mfupa umepungua, kukata nyama kutaacha mzizi wazi, na huenda njia ni nyingine: kuufungua ufizi na kusafisha mzizi, au kuling'oa jino.

Pale panapokatwa, daktari huhamishia kile kina upande wa nje wa ufizi kwa kuchoma vitone vidogo vya damu, jino kwa jino, mpaka unapatikana mstari wa vitone kama wa fundi aliyepigia kitambaa alama ya chaki. Kisu hufuata mstari huo kwa mshazari, ili ukingo mpya uwe mwembamba na usiwe ngazi ya kukusanyia chakula. Wengine hutumia kisu cha kawaida, wengine cha umeme, leza, au kidude kinachozunguka kama kile cha daktari wa meno. Kila kimoja kina uzuri wake. Mkono unaokishika una uzito zaidi kuliko kifaa chenyewe, kwa sababu ni lazima ibaki angalau milimita 2 ya ufizi uliokaza chini ya jino. Akikata mpaka kwenye nyama laini ya shavu, jino litakosa kinga yake maisha yote. Visu vya joto navyo vikikaa sana sehemu moja huunguza jino na mfupa.

Damu itatoka nyingi kuliko unavyodhani kwa kazi ndogo kama hii, maana ufizi una mishipa tele. Hubanwa kwa shashi mpaka ikome.

Niliporudi kumchukua mbwa wangu, alinilamba mkono akiwa bado analewa dawa, na nikaona chonge zake zote nne. Sikuwa nimeziona kwa miaka.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza nyumbani

Siku ya kwanza mate yenye wekundu hafifu ni kawaida. Damu inayodondoka tone kwa tone siyo. Mpigie daktari usiku huohuo.

Mpe chakula laini, kilicholowekwa maji au cha kopo, kwa siku 10 hadi 14. Ondoa vitu vyote vya kutafuna na vya kuvutana, maana jeraha liko pale pale vinapokwaruza. Dawa ya maumivu mpe kwa saa alizoandika daktari hata kama anaonekana mzima, kwa sababu mnyama anayesikia maumivu mdomoni mara nyingi hula vilevile. Na usimpe dawa yako. Parasetamoli humuua paka, hata kidonge kimoja kinatosha. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Mswaki unapumzika kipindi hiki. Badala yake daktari kwa kawaida hutoa maji ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.12 kwa ajili ya wanyama. Yapitishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwenye mfuko wa shavu, ukingo wa fizi ulowe. Usiyarushe kooni. Paka wengine hutoka mapovu kwa ladha yake. Akifanya hivyo, muulize daktari juu ya jeli.

Jibu la maabara likija, lisome pamoja na daktari na uombe nakala. Likisema ni ukuaji wa nyama ya ufizi tu, endelea na hatua inayofuata. Likitaja uvimbe, mpango wote unabadilika, na upasuaji wa pili ukifanywa mapema unaweza kumwokoa.

Hatua ya 7: Mswaki, kila siku

Utando mpya huanza kujishika kwenye jino ndani ya saa chache baada ya kusafishwa. Ukiachwa siku mbili tatu unaanza kugeuka ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa tena. Kwa hiyo kupiga mswaki mara moja kwa wiki hakumsaidii mnyama mwenye fizi za namna hii. Kila siku ndiyo dawa. Siku moja kwa mbili ni afadhali. Chini ya hapo unamsumbua bure.

Usianze na mswaki. Wiki ya kwanza anza na kidole. Mguse mdomo kwa nje, mpe kitu anachokipenda. Kesho ingiza kidole chini ya mdomo wa juu, pitisha juu ya meno mara moja, mtuze. Keshokutwa kifunge kidole kwa shashi iliyolowa. Halafu mpe dawa ya meno ya wanyama ailambe kwenye mswaki, bila kupiga chochote. Mswaki wenyewe uwe wa nywele laini. Kwa paka, mdogo kabisa kama wa mtoto mchanga. Dawa ya meno ya binadamu iache kabatini: ina floridi ambayo mnyama ataimeza kwa kuwa hajui kutema, na nyingine zina zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya mbwa ghafla na kuua ini.

Unapopiga, lenga pale ufizi unapokutana na jino, nywele za mswaki zikiinama nyuzi 45 kuelekea ufizi, mizunguko midogo. Kinywa kibaki kimefungwa. Upande wa nje wa meno ndio wenye shida zaidi. Ulimi husaidia upande wa ndani. Ukiwa na sekunde 20 tu kabla hajachoka, zitumie kwenye gego kubwa la juu, kulia na kushoto, kwa sababu mrija wa mate hufungukia karibu yake na ukoga hujaa pale kwanza. Kwa mbwa aliyefanyiwa upasuaji ongeza meno ya mbele na chonge.

Vitafunio vya meno vinasaidia kidogo, havichukui nafasi ya mswaki. Tafuta vyenye alama ya VOHC, baraza la Marekani linalokagua ushahidi wa bidhaa za meno ya wanyama. Epuka mifupa, pembe na kwato. Kipimo changu ni ukucha: nikibonyeza kwa ukucha wa gumba na pasibonyee, simpi, maana kitu kigumu hivyo hulipasua lile gego kubwa.

Paka mdogo mwenye fizi nyekundu

Kwa paka wadogo kuna sura ya ugonjwa huu ambayo ina haraka yake. Meno ya utu uzima yanapoota au mara tu yanapomaliza kuota, kati ya miezi 5 na 8, wapo ambao fizi zao huvimba, huwa nyekundu kama nyanya iliyoiva na kupanda juu ya meno mapya. Persian, Siamese, Abyssinian, Somali na Maine Coon hutajwa sana, lakini hata paka wa kawaida hupata. Watu huambiwa "anaota meno, itapita". Wekundu wa kuota meno hupita kwa wiki chache. Huu haupiti, na meno mapya kabisa yanaweza kupotea kabla paka hajatimiza miaka miwili.

Muombe daktari ampime virusi vya lukemia ya paka na vile vya upungufu wa kinga, kisha amsafishe meno chini ya nusu kaputi na kukata nyama iliyozidi. Usafishaji huu huenda ukarudiwa kila baada ya miezi michache mwanzoni. Mswaki uanze mapema iwezekanavyo. Paka wengi waliotunzwa hivi hutulia wakifikisha miaka kama 2. Ikiwa wekundu umevuka ufizi na kuingia kooni, nyuma kabisa pembeni mwa ulimi, huo ni ugonjwa mwingine wa kinywa, mzito zaidi, na mara nyingi hutibiwa kwa kung'oa meno ya nyuma yote.

Hatua ya 8: Panga kurudi

Mtazame jeraha tena na daktari baada ya wiki mbili. Kisha piga picha mpya, zile tatu zilezile, ndizo zitakuwa msingi wako kuanzia sasa. Futa kabisa akilini mwako sura ya zamani ya kinywa chake. Piga nyingine kila tarehe mosi ya mwezi.

Fizi zilizooteshwa na dawa mara nyingi hazirudi dawa ikishaondolewa. Za ukoo hurudi. Kwa Boxer wangu zilianza kunyanyuka tena nyuma ya chonge za chini baada ya mwaka na nusu, pamoja na mswaki wa kila usiku. Usafishaji wa kila miezi 6 hadi 12 uliipunguza kasi, na mara ya pili daktari alikata kwenye meno manne tu badala ya kinywa kizima. Weka akiba ya kazi hiyo mapema, na mwambie daktari tangu siku ya kwanza kwamba unataka kipimo cha kila jino kiandikwe kwenye chati. Mara ya pili atailinganisha na ile ya kwanza, milimita kwa milimita, na hatalazimika kukisia pa kukata.